Paketi ya Kumi na Mbili

Asubuhi aliyofariki Edouard, paketi kumi na mbili za chakula zilikuwa mezani, midomo ya paketi bado na joto la mshumaa. Alikuwa ameziba moja moja kwa kupitisha plastiki juu ya mwali, kisha akaandika tarehe: 17 Februari, saba yake ikiwa na kistari katikati. Akamwambia mkewe Mwelwa kwamba anaenda kunawa mikono bombani. Majirani ndio waliomrudisha, wamembeba.

Alikuwa mpishi wa kambi ya jeshi. Kwa miaka miwili, jikoni kwao mtaani Hewa Bora, alihangaikia jambo moja: chakula ambacho askari angekibeba porini bila kuchacha. Paketi za kwanza zilinuka baada ya wiki tatu, na askari wakaziita sabuni ya Edouard. Akagundua kosa ni mafuta ya karanga. Akaanza kuzikamua karanga mafuta kabla ya kuzitwanga na samaki mkavu wa Kasenga, unga wa mahindi ya kukaanga, nyanya kavu na pilipili. Chumvi aliikausha kwanza kwenye kikaango, isije ikavuta unyevu.

Ndugu zake kutoka Manono walifika kwenye matanga na njaa. Wakaona paketi, wakadhani ni chakula cha kilio. Maji ya moto yakamiminwa, kumi na moja zikaliwa.

"Munalia na chakula kitamu hivi?" shangazi mmoja aliuliza, akilamba kijiko. Mwelwa akacheka, huku machozi yakimtoka.

Ya kumi na mbili ilikuwa imeanguka nyuma ya gunia la unga; Mwelwa akaikuta baadaye, akaiweka.

Mwezi wa tano Mwelwa alianza tena kutwanga na kuziba, akisaidiwa na binti yao Plamedie. Mwezi wa nane akaja adjudant Nkandu, mwanajeshi msimamizi wa stoo ya kambi, kijiko chake mfukoni mwa shati.

"Mama Plamedie, zako ziko bien, ziko muzuri," alisema. "Lakini ziko na miezi tatu tu. Chef, mukubwa wa kambi, anataka kuona ya miezi sita mbele ya kununua. Kama hakuna, kesho anachukua biskuti za Kasumbalesa."

"Ya miezi sita iko moja. Ndiyo ya mwisho ya mukono ya Edouard."

Nkandu akatazama chini. "Basi uichunge, mama. Miye siwezi kukulazimisha."

Mwelwa akaingia chumbani. Paketi ilikuwa kati ya mashati ya Edouard. Mara nyingi alikuwa ameinusa, na kila mara ilinuka plastiki tu. Edouard aliziba vizuri mno. Chochote kilichobaki cha mapishi yake kilikuwa ndani.

Akarudi na mkasi.

Harufu ya moshi na nyanya ikajaa jikoni. Nkandu akatia maji, akakoroga, akala. Jasho likamtoka kwenye paji la uso.

"Eh, huyu muntu! Amekufa, lakini bado anatuchoma!"

"Papa na pilipili yake!" Plamedie akasema, akicheka.

Nkandu akachota tena, na tena. Mwelwa akamnyang'anya kijiko.

"Adjudant, ulikuja kuonja, haukukuja kumaliza!"

Akala mwenyewe kilichobaki, polepole, amesimama.

Sasa kila Jumatatu gari la kambi linapita Hewa Bora kuchukua paketi. Mwelwa anaziba, Plamedie anaandika tarehe. Saba yake ina kistari katikati.