Upande wa Kushoto wa Mama Mikufu

"Nusu shingo. Umemwacha mteja wangu atoke nje na nusu shingo."

"Sikumwacha. Kaondoka mwenyewe."

"Baada ya kumwambia nini?"

"Ukweli."

"Nani alikutuma?"

Hakuna aliyemtuma. Friji alikuwa bado kashika kichwa cha mashine, jeli inamdondokea kwenye kiatu, na shangazi yake kasimama kwenye mlango wa kile chumba cha nyuma, mikono kiunoni, kaziba njia yote. Huko mbele saluni ilikuwa imenyamaza ghafla. Wateja waliokuwa wanasukwa walikuwa wanatazama kucha zao kama mtu anayesoma gazeti.

Jina la Friji alibandikwa kwa sababu kabla ya saluni alikuwa anatengeneza mafriji. Shule aliiacha mapema, hakukaa akajuta. Maneno matamu hakujaliwa, lakini mikono alikuwa nayo, na ndiyo maana shangazi aliponunua ile mashine ya kukaza ngozi ya kidevu na shingo, isiyotaka kisu wala sindano, alimwita yeye. Waliomuuzia walimfundisha Friji siku tatu. Akashika upesi. Unapaka jeli, unazungusha kichwa cha mashine polepole bila kusimama, maana ukisimama pahali pamoja umemchoma mtu. Jicho moja kwenye kipimajoto. Katikati ya koo usiguse kabisa. Joto linaingia chini ya ngozi, na ngozi nayo, ikishapata habari, inaanza kujivuta yenyewe taratibu. Wateja walicheka mpaka basi: friji gani hili linalopasha watu moto?

Sasa pale saluni kulikuwa na utaratibu. Ukimaliza upande mmoja, kabla hujagusa wa pili, unampa mteja kioo. Upande uliotoka kupashwa unakuwa umejaa, umekaza, mfupa wa taya umejichora. Wa pili umelegea vilevile kama shuka kwenye kamba. Hapo ndipo shangazi anapoingia, anapiga makofi, na mteja anajiandikisha awamu zote palepale kabla hajapumua.

Huyo aliyeondoka alikuwa Mama Mikufu. Anauza mikufu kwa simu, mubashara, kila Jumamosi. Anaivaa mwenyewe mmoja mmoja watu wakimtazama. Shingo yake ndiyo kabati lake la vioo. Na siku hizo watazamaji walikuwa wameanza kuandika mambo. Mmoja aliandika kwamba mkufu ni mzuri ila aliyeuvaa ni kobe. Aliyasoma hayo akiwa hewani, akatabasamu, akaendelea kuuza, kisha akazima simu akakaa kitandani na mikufu yake yote shingoni.

Hayo alimsimulia Friji akiwa amelala chali, huku kichwa cha mashine kinapita chini ya sikio lake. Alipopewa kioo, macho yakamlenga machozi. Akauliza kama Jumamosi ataonekana hivyo.

Friji angekohoa tu ingepita. Akasema, "Hapana, mama. Huo ni uvimbe wa joto. Keshokutwa umeshuka. Ngozi yenyewe inataka miezi miwili, mitatu, na usitegemee makubwa."

Mama Mikufu akafuta jeli kwa kiganja, akachukua mkoba, akapita katikati ya wateja na upande mmoja wa uso umekaza na mwingine hauna habari.

Shangazi akatoa hukumu palepale mlangoni. Yule mama asiporudi, au akirudi bila tofauti inayoonekana kwa macho, mashine anapewa binamu yake Friji, kijana mwenye mdomo uliopakwa asali, na Friji atarudi kwenye mafriji yake akayaambie ukweli hayo. Friji akajibu kuwa mafriji hayagombi. Lakini usingizi ulimkataa. Ile mashine aliipenda. Ilikuwa kazi ya kwanza ambayo mtu anainuka mbele yako akajishika shavu kama kakutana na rafiki wa zamani.

Siku ya nne Mama Mikufu akarudi. Hakusalimia mtu, aliingia moja kwa moja chumba cha nyuma, akakaa kwenye kiti.

"Ulisema utashuka, umeshuka," akasema. "Mimi kila ninayemwendea ananiambia kesho utakuwa msichana. Wewe ndiye wa kwanza kuniambia kitu kikatokea hivyo hivyo. Haya, endelea."

Friji akashika kichwa cha mashine, akamwomba ageukie kushoto ili amalizie wa kulia. Akakataa. Anataka upande ule ule. Upande wa kulia usiguswe hata kwa bahati mbaya, mpaka aone kama wa kushoto umefika popote. Akifanyiwa pande zote mbili, alisema, atajuaje? Atakuwa anasikiliza watu.

Shangazi aliposikia alikaa chini. Mteja wa nusu shingo, tena kwa hiari yake, na kila mtu mtaani anajua anakwenda kwa nani. Alimbembeleza, alimpa na punguzo, akamwambia binadamu hatengenezwi vipande vipande kama kabati. Mama Mikufu akamjibu kwamba hata ukuta fundi anaanza upande mmoja. Kwa hiyo ikawa hivyo: awamu nne, wiki tatu kati ya moja na nyingine, kushoto tu. Binamu akaanza kupitapita saluni na viatu vipya, anaikagua mashine kama mtu anayechagua chumba cha kupanga.

Siku ya kuangalia ilifika. Ilikuwa miezi mitatu na siku kadhaa. Shangazi alifunga kazi zake mapema, akaingia chumba cha nyuma na simu yenye picha ya siku ya kwanza, na Friji akampiga Mama Mikufu picha mpya, kwenye kiti kile kile, taa ile ile. Wakaziweka pamoja.

Maajabu. Picha ya zamani ilionyesha mikunjo mitatu mizito na kidevu kilichozama. Ya sasa ilionyesha shingo ndefu, safi, unaweza kuandikia barua. Shangazi akashika mdomo. Akamtazama Friji kwa macho ambayo hakuwahi kumtazama nayo tangu azaliwe.

Friji akaona kosa, na lilikuwa lake. Siku ile ya kwanza alimpiga Mama Mikufu picha wakati anasoma simu mapajani. Aliinama. Shingo yoyote ukiinama inajikunja, hata ya mtoto wa shule. Leo kasimamisha kichwa. Friji akinyamaza, kazi yake imepona. Shangazi alimkanyaga mguu kidogo, maana naye alikuwa amekwishaona.

"Mama," Friji akasema, "hii ya zamani usiiangalie. Ulikuwa umeinama. Nilipiga vibaya."

Shangazi akafumba macho.

Mama Mikufu akacheka, kicheko cha tumboni. "Mwanangu, mimi nauza shingo kwa kamera miaka sita. Unadhani sijui kazi ya kuinua kidevu? Nimeiona zamani. Leteni kioo."

Kioo kikaletwa. Akatoa mkobani cheni nyembamba kama uzi, akaifunga shingoni, akakaa wima mbele ya dirisha. Friji na shangazi wakasogea. Upande wa kulia cheni iliingia kwenye mkunjo, ikapotea kabisa, ikatokezea tena karibu na bega. Upande wa kushoto ilipita juu ya ngozi. Mkunjo ulikuwepo, hakuna aliyeuficha, lakini ulikuwa umepungua kina, na cheni ilionekana yote, mwanzo hadi mwisho. Mtu wa barabarani asingeona kitu. Mtu anayeuza cheni aliona kila kitu.

Mama Mikufu aliipitishia kidole mara mbili, tatu. Kisha akajilaza chali mwenyewe, akageuza kichwa kushoto, akawaachia upande wa kulia.

"Nifanyie na huu," akasema. "Na usiniambie habari ya Jumamosi."

Friji alikuwa anafungua chupa ya jeli mlango ulipogongwa. Mwanamke mmoja kaingiza kichwa, kashika kidevu chake kwa vidole viwili. Kaona kwenye simu, mubashara, watu wanaongelea upande wa kushoto wa Mama Mikufu, anauliza kama ni kweli inakaza kwa siku moja, maana ana harusi ya mdogo wake wiki ijayo.

Shangazi alifungua mdomo. Ile sauti yake ya wateja ilikuwa tayari kooni, tamu, imekwishapangwa. Akamtazama Mama Mikufu alivyolala pale na cheni yake, akamtazama mpwa wake.

"Muulize huyu," akasema. "Akikujibu vibaya, ndiyo jibu lenyewe."

Akageuka, akarudi mbele kwa wateja wake wa kusukwa.