Sare Zilizorefuka Guniani

Jumatatu asubuhi, Kavira, mfanyabiashara wa Butembo mwenye duka pale Kashebere, alitoka na kikombe cha chai akamkuta Consolée, fundi wa nguo anayeshonea barazani pake, akitia cherehani mafuta kwa mara ya pili.

"Mama Nishimwe, ile gunia utaipanga siku gani? Simenti yangu inafika kesho, nitaiweka hapo."

Consolée alikuwa bingwa wa kuahirisha. Alikuwa amefagia baraza, akapanga vifungo kwa rangi, akabadilisha sindano isiyokuwa na kosa, ilimradi tu asilifungue lile gunia. Ndani yake mlikuwa na sare za shule ambazo watu walizileta zitiwe vifungo na mapindo, kisha vita vikaingia, wakakimbia bila kuzichukua. Yeye naye alikimbia, akarudi baada ya miaka. Kwenye barabara ya Itebero wenye bunduki walimnyang'anya binti yake, Nishimwe, wa darasa la sita. Sketi ya Nishimwe ilikuwa chini kabisa ya gunia. Anayeuita huo uvivu hajazaa.

Akafungua. Shati la kwanza, alilolipokea likiwa la mtoto wa kumfikia kiunoni, sasa lilikuwa la kijana wa kushindana naye mabega. La pili vilevile. Sare zilikuwa zimekua pamoja na wenyewe. Consolée alikasirika kidogo, kwa kuwa uzi mweupe aliokuwa nao usingetosha mapindo marefu namna ile. Kavira aliweka kikombe chini, akaanza kumsaidia kukunja. Zilizorefuka waliziweka mezani. Zilizobaki na vipimo vya zamani waliziweka kwenye benchi, wakazifunika kwa kitambaa kama maiti.

Mchana wazazi walianza kuja. Emérita, mkulima wa maharage aliyerudi kutoka milima ya Masisi, alipewa shati la mwanawe kutoka kwenye benchi. Alilipima kwa mkono wake, kiwiko hadi vidole, akalikuta halijaongezeka. Halafu akaomba kile kifungo kilichokosekana kitiwe tu. Consolée alikitia, akakaza uzi kuliko kawaida.

Jioni ikabaki sketi moja guniani. Aliivuta akiwa amefumba macho, akaisikia ikija tu, ndefu, akalia kwa furaha mbele ya wateja bila kujifuta. Nishimwe alikuwa hai, mtu mzima sasa. Alipofumbua macho aliitazama kwa jicho la fundi. Kifungo cha kiuno kilikuwa kimeng'oka, marinda yamefumuka, na pindo la mbele limepanda kuliko la nyuma. Sketi hukaa hivyo kwa mwenye mimba.

Aliipeleka kwa chefu wa kijiji, amsaidie kumfuata binti. Chefu aliigeuza pande zote, akakubali kwamba ni mimba, hakuna shaka.

"Mama, mutoto iko muzima, tushukuru Mungu. Lakini kule nyuma ya bariere ya wenye bunduki hakuna mutu anaendaka."

Akamshauri atie lastiki kiunoni, maana inavutika.

Alitia lastiki. Simenti ilifika, na Kavira akaipanga chumbani kwake, kando ya kitanda, asimsumbue mtu barazani. Kila asubuhi Consolée alipima sketi, na kila asubuhi lastiki ilikuwa imevutika zaidi, mpaka siku moja akaikuta imelegea na pindo liko sawa mbele na nyuma. Hakujua achinje kuku au afunge kitambaa cha msiba. Alikata shati dogo la mtoto mchanga kutoka kitambaa kilichobaki, akalitia guniani pamoja na sketi, akafunga kamba.

Baada ya wiki alilitoa, akalipima kwa vidole. Lilikuwa limeongezeka. Alilikunja akalirudisha, akaketi kwenye cherehani yake. Barabara ya Itebero ilikuwa bado imefungwa.