Mwenye Jino la Tatu

Jumanne, saa nne asubuhi, Emérance alikuwa anafuta vumbi kwenye rafu za marungu katika ofisi ya Bwana Lindahl, muuza vitu vya kale kule Plymouth. Rafu tu. Marungu yenyewe yalikuwa hayaguswi na kitambaa, maana wanunuzi wa marungu ya Fiji hupenda uchafu wa zamani. Lililosafishwa hushuka bei.

Bwana Lindahl alikuwa ameshika ula, rungu fupi la kurusha. Akanusa mpini wake, akamulika kichwa chake kwa tochi. Kichwani yalipachikwa meno matatu.

"Yakiwa ya watu, bei mara mbili," alisema. "Yakiwa ya nguruwe, basi tena."

Mwenye jino la tatu alikuwa amekaa karibu na mlango tangu saa tatu. Alikuwa mzee wa Kifiji, fuvu limebonyea upande mmoja, miguu mitupu, na nje theluji ilifika magotini. Emérance alikuwa amempa kiti na chai.

"Mama, mwambie anirudishie," alisema mzee. "Jina langu linavujia pengoni. Nikilitaja, wazee wangu hawanifungulii."

Emérance akamwambia. Bwana Lindahl akavaa miwani, akamwomba mzee afungue kinywa, akalisogeza rungu mpaka jino likaingia pengoni. Lilikaa sawasawa. Mzee akaanza kutaja jina lake. Alipofika katikati, Bwana Lindahl akalichomoa.

"La mtu," alisema, akaandika.

"Sasa hutamrudishia, bwana?"

"Likitoka litabaki tundu, Emérance. Nani ananunua tundu?"

Emérance akalifunga rungu kwenye karatasi laini, akalisomea Baba Yetu. Hakulifuta.

Mchana mnunuzi akaja kutoka Anoka. Rungu likawekwa kwenye buti. Mzee akapanda kiti cha nyuma, akafunga mkanda.

"Na huyu, ana bei yake peke yake?" aliuliza mnunuzi.

"Hapana. Huyo ndiye cheti."

Gari likaondoka. Emérance akaosha kikombe. Kiti alikiacha pale pale mlangoni. Mume wake, Byamungu, aliuawa kwa rungu kwao Masisi, na tangu siku ile hajamjia hata mara moja. Maboksi mapya yakifika, Emérance husoma kwanza yametoka wapi, ndipo anaweka chai jikoni.