Kabla Jasho Halijakauka

Mwalimu Dorkasi hakuwa mtu wa kuogopa ovyo. Miaka thelathini alifundisha darasa la kwanza, na nyoka wawili aliwaua mle mle darasani kwa fimbo ya ubaoni. Lakini jambo moja lilimtia hofu kila alipolifikiria: kuwa kama mama yake, ambaye kule kijijini Buigiri alikuwa akila, kisha akilalamika kwamba amenyimwa chakula, na ugali bado umemganda vidoleni.

Kwa hiyo aliposikia kwamba chuoni wanatafuta watu wazima kwa utafiti wa ubongo, alitoka kwake Miyuji asubuhi hiyo hiyo kwenda kujiandikisha. Kazi yenyewe haikuwa ndefu. Unatolewa damu, unapanda baiskeli isiyokwenda popote, unakanyaga kwa nguvu zako zote sekunde thelathini, mara nne, kisha unatolewa damu tena. Walitaka kuona kama protini moja inayolisha ubongo huongezeka kwenye damu baada ya mbio fupi za namna hiyo. Sharti lilikuwa kufika ukiwa umepumzika. Shakila, binti mtafiti, alimweleza mapema kwamba kipimo kile hakipimi ugonjwa. Dorkasi aliitikia, lakini moyoni alishaamua kuwa ndicho kitakachomhukumu.

Alipimwa, na baada ya mwezi akaitwa. Shakila akamwamkia, akamkalisha, akamwambia kuwa kwa wenzake wengi protini ilipanda, yake haikupanda hata kidogo. Dorkasi akaona hukumu imeshatoka.

"Ilikuwa juu tangu kabla hujapanda baiskeli," Shakila akaongeza. "Asubuhi ile ulifanya mazoezi, mama?"

Hakufanya. Mazoezi ni ya vijana wa uwanjani, yeye alitwanga uwele tu kama kawaida yake, nusu debe, akaoga, akaja.

Shakila akacheka, akasema nusu debe la uwele ni mazoezi kuliko baiskeli yao. Basi huenda protini ilipandishwa na mchi. Dorkasi naye akacheka mpaka machozi. Alijiona mjinga, na hakuwahi kuufurahia ujinga wake namna ile.

Shakila akafungua jalada ili akifute kipimo, maana hakufika amepumzika. Akasita. Akina mama wengi wa huku hutwanga, kwa hiyo fomu iliyojazwa siku ya kipimo ilikuwa na swali hilo hasa. Akaigeuza ili Dorkasi asome. Jibu lilikuwa kwa mwandiko wake mwenyewe, ule ule aliowafundisha watoto: *Leo sijashika mchi. Anatwanga mkwe wangu.*

Aliikumbuka kalamu, akaikumbuka na meza. Maneno yale hakuyakumbuka. Kama yalikuwa kweli, protini yake haikuwa na kisingizio cha kutopanda. Kama alitwanga, basi alisahau kabla jasho halijakauka. Hakujua amwombe Mungu lipi kati ya hayo mawili.

Akaomba mwenyewe Frida, mkwewe, apigiwe simu, aulizwe nani alitwanga asubuhi ile, na sauti iwekwe wazi.

"Alitwanga mama, uwele wote, akanikataza hata kumsaidia," Frida akasema bila wasiwasi. "Alipotoka kuoga akaniuliza mbona uwele bado haujatwangwa. Nikacheka, nikajua ananitania."

Dorkasi akaviangalia vidole vyake, akavikagua kimoja kimoja kama kuna kitu kimeganda.