Koti Lililovuka Mpaka Mara Mbili

Mama ni fundi cherehani, na kwake nguo ni kitu unachokimaliza mwenyewe. Unampima mtu, unakata, unashona, unamvisha, unamzungusha mbele ya kioo. Mimi kiwandani nashona mfuko wa kushoto wa koti la mvua. Basi.

"Na wa kulia?" aliniuliza siku moja, pini zikiwa mdomoni.

"Kuna dada mwingine."

"Na koti likikamilika linakaaje mwilini?"

"Sijawahi kuliona, Mama."

Alitoa kwanza pini zote mdomoni, ndipo akacheka vizuri. "Chuo chote kile, mwanangu, umekuwa fundi wa mfuko! Mwezi huu ukiisha rudi hapa tushone wote. Labda uniletee koti moja nilione kwa macho yangu, niseme kweli hii ni kazi."

Sikutaka kuacha. Nilikipenda kiwanda kile, mngurumo wa cherehani zake na chai tunayokunywa tukiwa tumekalia maboksi. Lakini koti ningelitoa wapi? Kiwanda chetu kipo ndani ya eneo huru, mpakani kabisa. Kitambaa huingia bila ushuru kwa sharti moja: kinachoshonwa kitoke kwa lango la nyuma, kiende nchi ya jirani. Kwa lango la mbele, la upande wetu, tunatoka sisi wafanyakazi tu, tena tukipapaswa. Hata kifungo hakipiti.

Siku ya mapumziko nikamfuata Shangazi, ambaye huvuka mpaka kuuza sabuni katika soko la ng'ambo.

"Makoti yapo tele," alisema. "Lakini utajuaje ni lako?"

Hilo nililijua. Mama alinifundisha kufunga kona ya mfuko kwa pembetatu ndogo ya uzi. Nilipoanza kazi mkono ulifanya hivyo wenyewe, mpaka msimamizi aliponigundua, akapiga kelele ukumbi mzima ukasikia: hapa ni mstari ulionyooka, mapambo kafanye kwenu! Kwa hiyo makoti ya mwanzo tu ndiyo yenye pembetatu.

Tukavuka pamoja, na sokoni nikapekua koti moja baada ya jingine. Mistari yote ilikuwa imenyooka.

"Dada," muuzaji alisema, "unanunua koti au unanunua mfuko?"

Mvua ikaanza. Mwendesha pikipiki mmoja akajisogeza chini ya turubai letu, amevaa koti kama yale, limepauka mabegani. Mimi ni mtu wa haya. Hata kuomba chumvi kwa jirani hunitoa jasho. Lakini macho yalikuwa yameshaganda ubavuni mwake, na mkono ukayafuata.

"We dada! Unaniibia mchana kweupe?"

"Samahani, kaka. Naangalia mshono."

"Mshono gani?"

"Wa mfuko. Nimeushona mimi."

Akautazama mfuko, akanitazama mimi, kisha akamgeukia Shangazi. "Mama, huyu mgonjwa?"

"Mzima. Kalelewa na wifi yangu tu."

Pembetatu ilikuwepo. Haya yote ikanitoka, nikamuuliza: maji huingia? Huweka nini humo? Akachomoa simu, plagi ya pikipiki na kipande cha mkate. "Huu ndio ninaouamini. Wa kulia ulishachanika zamani."

Nikanunua koti jipya pale pale, nikamwomba tubadilishane.

"Jipya kwa kuukuu?" Alilivua upesi, kabla akili hazijanirudia.

Mpakani, afisa wa forodha wa upande wetu alilikunjua mezani. "Limetengenezwa wapi?"

Nikamwonyesha paa la kiwanda dirishani. "Pale."

"Pale si kwetu?"

"Ndiyo, afande."

"Kwa hiyo unaingiza kutoka nje kitu cha hapa hapa?"

"Ndiyo, afande."

Alikuna kichwa. "Yakirudi huku mapya, yanatozwa ushuru. Sasa hili..." Akagusa doa la grisi. "Nje si mvua inanyesha?"

"Inanyesha."

"Basi livae, binti, uende zako."

Nyumbani Mama alinishika mabega. Alinizungusha mbele ya kioo kama mteja, na ndipo kwa mara ya kwanza nikaliangalia koti zima, si mfuko tu, lilivyokaa mwilini. Mwili wenyewe ulikuwa wangu. Akaingiza mkono mfukoni, kidole chake kikaipapasa ile pembetatu kutoka ndani, kikatulia hapo.

Kisha akapandisha mkono hadi shingoni. "Kola hii kaishona nani? Mbona imepinda?"

"Simjui. Hukaa upande wa pili wa ukumbi."

"Mnashona nguo moja na humjui? Na huyu wa mikono? Huyu anajua kazi. Ni mtu mzima?"

"Sijui, Mama."

"Hujui, hujui! Kaniulizie."

"Kwa hiyo niendelee na kazi?"

Alikuwa amesharudisha pini mdomoni, amegeuza mkono wa koti nje ndani, anaufuata mshono kwa kucha.

"Sasa usipoenda," alisema kwa taabu, "nani ataniulizia?"