Kitabu cha Mlima

Tangu shule ya msingi, mimi na Sekar tulikuwa tunasoma hadithi za mapenzi barazani kwetu, mimi nikisoma kwa sauti, yeye akitafuna tempe, vile vipande vya soya vya kukaanga, huku akilia. Halafu akaja darasani kwetu huyo Danang na vitabu vyake vya mambo ya kweli, visivyo na hata busu moja! Sasa kila mapumziko wanainamia pamoja kitabu cha milima ya moto, nami nakula peke yangu. Kwa wivu, wali wangu nikawa naurudisha nusu nyumbani.

"Shoga, unajua majivu ya mlima wetu Merapi ndiyo yanayostawisha pilipili za baba yako?" Sekar aliniuliza siku moja.

"Baba yangu anatumia samadi," nikamjibu. "Muulize Danang wako kama anajua hata kushika jembe."

Jumamosi akanirudishia riwaya yangu, hata hakukaa. Nilipoifungua nikakuta picha ya mlima unaofuka moshi. Kwetu kila kitabu cha shule huvishwa karatasi ya kaki, na riwaya nazo tunazivisha hiyo hiyo ili mwalimu asizigundue. Sekar alikuwa amechanganya. Nilifurahi kwa roho mbaya kabisa. Atakifuata mwenyewe, na hakipati mpaka anibembeleze.

Nikaanza kukisoma nijue kimenizidi nini. Nilianza kwa kusonya. Kumbe mlima huvimba kabla ya kulipuka, kidogo kidogo, jicho lisione, na wapo watu kazi yao ni kuupima. Nikautazama Merapi nyuma ya zizi letu. Ulikuwa pale tangu nizaliwe, nami sijawahi kujiuliza lolote juu yake. Mama aliniita kula, sikumsikia.

Jioni Sekar akaja, kaletwa na Danang kwa pikipiki.

"Wulan, nipe kitabu changu. Nilikupa kisicho chako."

Nilikuwa nimeandaa maneno makali. Yote yakayeyuka. Nikakikumbatia kitabu.

"Sijamaliza."

"Hujamaliza? Si ulikuwa unakicheka wewe?"

"Nimefika pale watu wanapohamishwa pamoja na ng'ombe wao. Nikikupa utaenda kukisoma naye, mimi mtaniacha."

Sekar akanitazama. Akavua kandambili, akakaa barazani, mahali pake pa siku zote. "Basi soma kwa sauti. Na tempe iko wapi?"

Nikasoma. Getini Danang akapiga honi, akapiga tena. Sikuinua macho. Nilipaza sauti tu.