Miguu ya Kuingilia Ziwani

Mzaha uliomponza Devotha ulisemwa mchana kweupe, watu wameshiba, na kila mtu aliucheka, hata Devotha mwenyewe.

Ilikuwa siku wakwe walipopanda kutoka Kihagara, kule chini ufukweni mwa Ziwa Nyasa, kuja kumposa nyumbani kwa bibi yake, Bibi Tadea, milimani Umatengo, ng'ambo ya Mbinga mjini. Walikuja na kapu zima la usipa, vile visamaki vyao vidogo vilivyokaushwa juani, na Bibi Tadea akawachinjia jogoo. Devotha alipokuwa akipita kuwanawisha wageni mikono, Scholastica, shangazi yake bwana harusi, aliinama akamtazama miguu.

"Jamani, njoni mwone," akasema. "Hii ni miguu au ni ngoro zenyewe? Humu mtu akipanda maharage yanaota."

Watu wakacheka, maana kila mmoja aliyafahamu mashimo ya ngoro ambayo Wamatengo huchimba kwenye miteremko yao wapate kulima bila udongo kuteremka na mvua. Bibi Tadea hakukubali kushindwa nyumbani kwake.

"Afadhali ngoro, mtani wangu. Ninyi wa ziwani mna magamba."

"Magamba yanang'aa, Bibi," Scholastica akamjibu, akimenya paja la jogoo. "Kwetu bibi harusi akifika, kabla hajaonja hata uji, tunamwingiza ziwani. Kitenge juu ya magoti, wanawake wote wa ukoo wamesimama ukingoni. Sasa huyu akiingia na magaga haya, samaki watahamia Malawi."

Hata Egidi, mchumba mwenyewe, alicheka hadi akapaliwa na ugali. Mama yake, aliyeitwa Mama Kilian kwa jina la mtoto wake wa kwanza, alitabasamu tu, akaendelea kula. Alikuwa mtu wa maneno machache.

Wageni walipoondoka Devotha alikaa kwenye kinu akaikunja miguu chini ya gauni.

"Bibi, kumbe watanitazama miguu."

"Ni utani, mke mwenzangu. Mtu halilii utani."

"Silii. Nauliza tu. Wote watasimama pale watazame?"

Bibi Tadea akalifunua gauni, akatazama. Mtoto huyu alimlea tangu mama yake alipofariki, angali ananyonya, naye ndiye aliyempeleka shamba kabla hajajua kusema shamba. Magoti yalikuwa meusi kwa kuyapiga chini ngoroni. Muundi wa mguu wa kulia ulikuwa na kovu la jembe. Visigino vilikuwa vimepasuka kama ukuta wa udongo wakati wa kiangazi, na kuanzia gotini kushuka chini kulikuwa na madoa ya upele wa utotoni, meusi, mengi. Bibi Tadea alikuwa ameyaona maisha yake yote bila kuyaona. Sasa akayaona.

"Harusi ni baada ya Pasaka," akasema. "Tuna Kwaresima nzima. Miguu hiyo nitaing'arisha mpaka Scholastica ajitafute sura humo."

Devotha akacheka. Bibi akaona kwamba ameshaahidi.

Wakaanza. Kila jioni, jua likiwa bado lipo, Devotha alikaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba, miguu ndani ya karai la maji ya vuguvugu. Visigino vikilainika, Bibi alivisugua kwa jiwe la mto. Halafu alichukua pumba za mahindi, akazichanganya na asali, akampaka kuanzia gotini, akisugua kwa duara, polepole, ngozi iliyokufa ikitoka kama uchafu wa sufuria. Kulipokuwa na parachichi lililoiva aliliponda akampaka, akamwacha akae hadi likauke. Mwisho mafuta ya nyonyo, aliyoyachemsha mwenyewe. Mikono ya Bibi ilipanda na kushuka, na mdomo wake haukukaa kimya.

"Kitendawili."

"Tega."

"Wanangu wawili hufukuzana kutwa, wala hakuna anayemkamata mwenzie."

"Ah, Bibi, hicho cha watoto. Miguu."

"Haya, hiki. Nguo yangu ya kuzaliwa, siku nikiivua nimekwisha."

Devotha akafikiri, akafikiri. "Nakupa mji."

"Nimeupokea mji wako. Nimekaa, nimekula, nimeoa wanaume watatu, wote warefu. Ni ngozi, mke mwenzangu. Ngozi."

Na kweli, kazi ilionekana. Katikati ya Kwaresima visigino vilikuwa vimefunga na ngozi imelainika, ukipitisha kiganja kinateleza. Angeishia hapo, hadithi hii isingekuwa na cha kusimulia. Lakini madoa yalibaki palepale. Ngozi ilivyozidi kung'aa, ndivyo madoa yalivyozidi kuonekana, kama inzi kwenye maziwa.

Miaka ile soko la Mbinga lilikuwa limefurika. Chama cha ushirika kilichokuwa kikinunua kahawa na kuleta pembejeo kilikuwa hoi, na mahali pake walikuja wafanyabiashara, kila mmoja na lori lake: vitenge, mitumba, redio, sabuni za kila rangi. Devotha aliokota boksi tupu la sabuni lenye picha ya mwanamke aliyekaa juu ya kiti, miguu imenyooshwa, haina hata alama ya kuumwa na mbu. Akalichomeka ukutani juu ya kitanda. Bibi alimkuta siku moja ameuweka mguu wake kando ya ile picha, anapima.

Ndipo Bibi Tadea akaikumbuka kahawa.

Jani la kahawa likishikwa na ugonjwa huingia madoa. Ukilinyunyizia mrututu, ile dawa ya bluu, yanayofuata huja safi, yanang'aa. Na mama yake Tadea, zama zile za ushirika, alikuwa akichukua mrututu kidogo kwenye ncha ya kisu, akausaga na mafuta, akawapaka watoto vidonda vya miguu. Walipona. Tadea mwenyewe alipona. Basi kama dawa inatoa doa kwenye jani na kidonda kwenye mguu, itashindwaje na doa la mguu? Alilizungusha wazo hilo siku kadhaa, akaliona halina kasoro.

Akateremka mjini hadi dukani kwa Abdulmajid, mtu ambaye babu yake alitoka pwani na biashara ya chumvi, sasa anauza kila kitu kuanzia misumari hadi dawa za mimea.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nipimie dawa ya kahawa, ile ya bluu."

"Ile ya zamani haiji tena, Bibi. Ipo hii mpya. Wenyewe wanasema ni kali kuliko ile." Akachota kutoka kwenye mfuko, akafunga kwenye nailoni. Unga ulikuwa wa bluu, bluu ya kupendeza kuliko ile ya zamani. "Lakini hii usishike kwa mkono mtupu. Na watoto wasisogee."

"Mwanangu, mimi na kahawa tumezeeka pamoja."

"Najua, Bibi. Nasema tu."

Njiani kurudi, neno lililobaki kichwani mwake lilikuwa *kali kuliko ile*. Aliona Mungu amemwonea huruma, kwa kuwa Kwaresima ilikuwa inakwisha.

Jumamosi mchana alimsugua Devotha kwa pumba kuliko siku zote, hadi ngozi ikawa nyekundu, ili dawa ipate njia. Akausaga ule unga na mafuta ya nyonyo, akampaka miguu yote miwili, akaizungushia majani ya mgomba na kuyafunga kwa kamba za migomba.

"Inawaka, Bibi."

"Inafanya kazi."

"Inawaka sana."

"Mwanamke havuki mto bila kulowa. Tega kitendawili utasahau."

Devotha hakutega. Aliuma upindo wa kanga hadi jua lilipoanza kuzama, ndipo Bibi akamfungua. Miguu ilikuwa imevimba. Siku iliyofuata ngozi ikainuka malengelenge, ikapasuka, ikaanza kutoka vipande vipande, na madoa yakatoka nayo. Chini yake kulikuwa na ngozi nyingine ya waridi, laini, yenye unyevu, inayong'aa hasa.

"Umeona?" Bibi akasema. "Ya zamani inaondoka."

Devotha alikuwa anatetemeka, lakini alitazama akatabasamu. "Kama ya kwenye boksi."

Kwa hiyo Bibi akampaka tena.

Mara hii malengelenge hayakuwa na maji. Mguu wa kushoto ulibabuka, ukakauka. Mguu wa kulia, pale kwenye kovu la jembe, ulifunguka shimo. Bibi akaliosha kwa maji ya chumvi, akaweka majani aliyoyajua, akabadilisha, akaweka mengine. Shimo likapanuka. Rangi ya kando yake ikawa ya kijivu, halafu nyeusi.

Zahanati haikuwa mbali. Ila mganga wa zahanati alikuwa ameoa Kihagara, na kila gari lililoteremka ufukweni lilibeba habari kabla ya abiria. Bibi Tadea aliyaona yote mbele yake: Scholastica ukingoni mwa ziwa, mikono kiunoni, anasema mlimani wametuletea bibi harusi aliyeoza. Akasema, tungoje kidogo, litakauka. Devotha naye akasema hivyo hivyo. Wakawa wanadanganyana kwa upendo, kila mmoja akimtuliza mwenzie.

Ijumaa Kuu Devotha alikwenda kanisani kwenye Njia ya Msalaba, amevaa kitenge hadi kwenye vidole. Kituo cha kwanza watu walipiga magoti, yeye akabaki amesimama. Cha pili vilevile. Katekista akamtazama. Kwenye kituo Yesu anapoanguka mara ya pili, mwanamke aliyekuwa nyuma yake akaziba pua kwa kanga, kisha akamshika bega.

"Mwanangu, una nini?"

"Sina kitu, mama."

Halafu akaanguka, na kitenge kikafunuka.

Wanaume walimbeba kwenye machela ya miti hadi barabarani, mvua inanyesha, na lori la mnunuzi wa kahawa likawapeleka hospitali ya misheni. Bibi Tadea alikaa nyuma kwenye magunia, kichwa cha mjukuu wake mapajani. Alimwuliza Mungu jambo moja tu njia nzima, tena lile lile: mtoto atapona? Daktari alipofungua majani hakugomba. Aliuliza ni kitu gani kilipakwa, na Bibi akasema yote, hadi ule unga wa mara ya pili. Daktari akasema mguu wa kushoto utapona na makovu. Wa kulia ni donda ndugu, limeingia mfupani, na kama hautakatwa, msichana atakufa.

Wakaukata juu ya goti, mkesha wa Pasaka.

Habari ziliteremka ziwani, kama ambavyo zingeteremka tu. Wiki iliyofuata Mama Kilian akapanda peke yake, kapu la usipa kichwani. Alimkuta Bibi Tadea kwenye benchi nje ya wodi. Alipiga goti akamwamkia, akakaa kando yake.

"Scholastica ameshindwa kuja," akasema. "Hali chakula, tangu asikie. Anasema ulimi wake ukatwe."

"Alitania. Utani hauna kosa. Ni mimi niliyetaka miguu ya kuingia nayo ziwani."

Mama Kilian akamgeukia. "Bibi, ulidhani tunatazama nini?"

"Si miguu?"

"Hapana." Alivuta pumzi. "Pale kwetu mawe yanateleza, na baada ya mawe kuna shimo. Mamba nao wana mahali pao. Mgeni wa milimani hajui. Basi siku ya kwanza wanawake wote tunasimama, mmoja anamshika mkono, tunamwonyesha: hapa kanyaga, hapa usikanyage, hapa ndipo pa kuchotea maji. Kitenge kinapandishwa kisilowe." Akainua upindo wake mwenyewe. Miundi yake ilikuwa imechanwachanwa, makovu juu ya makovu, na nyama ya nyuma ya mguu mmoja haikuwepo. "Mimi ni wa Mbaha, nako ni ufukweni, nilijiona najua maji. Sikungoja kuonyeshwa."

Bibi Tadea aliutazama mguu ule muda mrefu.

"Egidi yuko wapi?" akauliza mwishowe.

"Yuko chini. Anasema atakuja." Mama Kilian aliushusha upindo, akaunyoosha kwa viganja. "Mimi nimemzaa, Bibi, sitakudanganya. Sijui kama atakuja."

Ndani, Devotha alikuwa macho. Alimwamkia mama mkwe kwa sauti ndogo, akapokea pole, akasema asante. Mama Kilian alipotoka kutafuta maji ya kunywa, akamwita bibi yake.

"Bibi. Ngozi inanibana. Nipake mafuta."

Kichupa cha mafuta ya nyonyo kilikuwa bado kwenye mfuko wa Bibi, chini ya rozari. Akamimina kiganjani, akayapasha kwa kusugua mikono, akaanza na mguu wa kushoto, kuanzia gotini, kwa duara, polepole, akipita kando ya magamba ya kidonda. Devotha akafumba macho.

"Tega basi," akasema.

"Kitendawili," Bibi akasema.

"Tega."

Kikaja kile kile cha kwanza, maana ndicho kilichokaa karibu na ulimi. "Wanangu wawili," akaanza, akanyamaza. Mikono ilikuwa imemaliza mguu wa kushoto, na kwa mazoea ya Kwaresima nzima ikavuka yenyewe kwenda wa pili, na mafuta yake, ikapapasa, ikapapasa, ikakuta shuka.